Haut-Lomami: Picha za Kabondo-Dianda zinapotelea ndani ya ordinatere zenye virusi, na dawa yake ni ya bure

Katika Kabondo-Dianda, mji wa reli ulio kati ya Kamina na Bukama katika jimbo la Haut-Lomami, mpiga picha ni mtu wa lazima. Anaitwa kwenye ndoa, kwenye ubatizo, kwenye kilio, na siku wanafunzi wanaposherehekea diplome yao ya Serikali. Anatafutwa pia na yule anayehitaji picha ndogo za dosye ya masomo au ya kuomba kazi. Anapiga, analipwa mafranga yake, na kila mtu anarudi nyumbani akiamini kwamba kumbukumbu yake iko salama.

Shida inaanza pale kamera inapokutana na ordinatere. Wapiga picha wengi wa miji midogo hawana ordinatere yao. Mpiga picha anatoa karti memwari ndani ya kamera, anaipeleka kwenye sekretaria ambako watu wanachapisha barua na kujaza fomu, na anaiingiza katika mashine ileile ambayo tangu asubuhi imepokea kle za USB za kila anayepita. Mara nyingi mashine hiyo inatumia Windows iliyonakiliwa bila leseni, isiyopata tena marekebisho ya usalama, na antivirusi yake ilipitwa na wakati zamani. Dakika chache zinatosha. Kesho yake karti ikifunguliwa mahali pengine, dosye za picha hazionekani tena. Mahali pake kuna alama ndogo zenye mshale. Fundi anaangalia, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu inayojulikana: lazima kuformate. Karti inasafishwa, virusi inaondoka, na picha za ndoa zinaondoka pamoja nayo.

Hasara hiyo imezoeleka mpaka watu wanaipokea kama wanavyopokea vumbi la kiangazi. Lakini si vumbi. Inatokana na chaguo ambalo mtu amefanya, hata kama hakujua kwamba anachagua, na chaguo linaweza kubadilishwa. Wapiga picha na wenye sekretaria wa Kabondo-Dianda, na wa miji mingine ya reli, wangefaidika kuachana na Windows ya wizi na kuunganisha kamera zao kwenye ordinatere zinazotumia mfumo wa wazi, yaani Linux. Si kwa kufuata mtindo. Ni kwa sababu mfumo huo unalinda picha za wateja wao vizuri zaidi, na hauwatozi hata franga moja.

Kuna atakayesema: ni picha tu, nchi ina matatizo makubwa kuliko hayo. Mtu huyo akumbuke karti yake ya mpiga kura. Katika Kongo, karti hiyo ndiyo wengi wanayoonyesha kama kitambulisho: kwenye barrière, kwenye benki, mahali pa kununua namba ya simu. Karti zilizotolewa na CENI kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 zilianza kufutika mapema, na wananchi wengi walijikuta na karti isiyoonyesha vizuri sura wala jina, wakalazimika kutafuta nakala nyingine. Pale ambapo picha ya Serikali inafutika mfukoni, picha iliyotunzwa na mpiga picha wa mtaa inakuwa na uzito wake.

Uzito huo unaonekana zaidi siku ya msiba. Mzee anapofariki, familia inatafuta picha ya kuweka juu ya meza ya kilio. Mara nyingi iliyopo ni moja tu, ile iliyopigwa siku ya ndoa ya mjukuu wake. Ikiwa karti ile iliformatiwa, hakuna nyingine. Mafranga ya kazi yanaweza kurudishwa kwa mteja. Sura ya mzee hairudishwi.

Kuna pia kumbukumbu ya mji wenyewe. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amejulikana katika mataifa mengi kwa kazi yake ya kuchukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi ya Katanga na kuziweka pamoja na picha za leo za viwanda vilivyochakaa. Watu wanaosimama mbele ya kazi hiyo wanaona mababu waliojenga nchi bila majina yao kuandikwa popote. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kampuni ya wakoloni ilitunza picha zake. Sasa nani anatunza picha za wafanyakazi wa reli, za wauza samaki wa Lualaba, za wanafunzi wa Kabondo-Dianda wa leo? Hakuna kampuni inayofanya hivyo. Waliobaki ni wapiga picha wa mtaa, na karti zao zinazungushwa kutoka mashine moja yenye virusi hadi nyingine.

Kabla ya kusema Linux ni jambo gumu, ni vizuri kujua kinachotokea waya unapounganishwa. Kamera ya dijitali inaongea na ordinatere kwa njia mbili. Njia ya kwanza, kamera au karti yake inajionyesha kama kle ya USB ya kawaida: dosye inayoitwa DCIM inatokea, na ndani yake ndimo picha zilimo. Njia ya pili inaitwa PTP. Ni lugha waliyokubaliana watengenezaji wa kamera, ikaandikwa kama kanuni ya kimataifa yenye namba ISO 15740. Kwa lugha hiyo ordinatere haichukui karti nzima mikononi mwake. Inaiomba kamera orodha ya picha, kisha inaomba picha moja moja, na kamera inazitoa.

Linux inajua njia zote mbili bila CD ya kamera na bila kupakua kitu. Kwa PTP kuna programu ya wazi inayoitwa gPhoto, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kwa zaidi ya miaka ishirini, na orodha yake ina kamera zaidi ya 2500: Canon, Nikon, Sony na nyingine nyingi, pamoja na zile za zamani ambazo kampuni zenyewe zimeshazisahau. Jambo hilo lina maana kubwa hapa, kwa sababu kamera nyingi zinazofanya kazi katika miji ya Haut-Lomami zilinunuliwa zikiwa zimetumika tayari, na ile CD iliyokuwa ndani ya kartoni haikuvuka bahari.

Kwa mtumiaji kazi ni fupi. Anaunganisha waya, anawasha kamera, na dirisha linauliza kama anataka kufungua picha. Programu kama Shotwell au digiKam inazinakili na kuzipanga kwa tarehe. Tatizo linalowasumbua wengi mara ya kwanza ni ujumbe unaosema kifaa kinatumiwa na programu nyingine. Maana yake ni kwamba dirisha la dosye limeishika kamera wakati programu ya picha nayo inaitaka. Inatosha kuitoa kamera kwenye orodha ya vifaa, kama mtu anavyotoa kle ya USB, bila kuchomoa waya, kisha kurudi kwenye programu. Si ugonjwa wa kumwitia fundi.

Ni haki kusema kwamba Windows nayo inaelewa PTP, na imeielewa kwa miaka mingi. Mwenye Windows halali, inayopata marekebisho, na ordinatere yenye nguvu, hana sababu ya kuharakisha kubadilisha. Lakini huyo si mtu anayezungumziwa hapa. Windows 7 iliachwa na Microsoft bila marekebisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ordinatere nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Ordinatere zinazofika mitumba kutoka Ulaya au Dubai, kisha zikapanda treni au pikipiki mpaka Kabondo-Dianda, nyingi ni za umri huo. Mwenyewe ana njia tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usio na ulinzi, au kuweka Linux. Ya kwanza inawashinda wengi. Ya pili ndiyo inayoharibu picha leo.

Kuhusu virusi za alama zenye mshale, kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaambii wateja, kwa sababu wao wenyewe hawakufundishwa. Mara nyingi virusi hiyo haifuti picha. Inazificha tu, kisha inaweka alama ya uongo mahali pake ili mtu aibonyeze na kuieneza. Alama ile ya kuficha inatiiwa na Windows; Linux haiijali. Karti hiyohiyo ikiingizwa katika ordinatere ya Linux, dosye ya DCIM mara nyingi inaonekana wazi kama hakuna kilichotokea, na picha zinanakiliwa. Ndoa ngapi ziliformatiwa wakati picha zilikuwa bado mle ndani, zikisubiri mashine isiyodanganywa?

Hata karti iliyokwisha kuformatiwa haijafa kila mara. Programu ya wazi iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, inapekua karti na kutafuta mabaki ya picha zilizofutwa. Sharti lake ni moja: mtu asipige tena picha hata moja kwenye karti hiyo, kwa maana kila picha mpya inaweza kukaa juu ya ile ya zamani na kuimaliza kabisa. Programu hiyo ni ya bure, na inakuja tayari ndani ya mifumo kadhaa ya Linux iliyotengenezwa kwa kazi ya uokoaji.

Wapinzani wana hoja zao, na baadhi zina ukweli.

Wanasema Photoshop haifanyi kazi katika Linux. Ni kweli. Kuna GIMP ya kusahihisha picha na darktable ya kufanyia kazi picha ghafi za kamera kubwa, lakini aliyezoea Photoshop kwa miaka atahitaji wiki kadhaa kabla mikono yake haijatulia. Hata hivyo, kukata picha ya pasipoti, kuongeza mwanga kwenye sura na kuweka maandishi chini ya picha ya ndoa ni kazi ambazo GIMP inazimaliza bila shida. Asiyeweza kuachana na Photoshop anaweza kuweka mifumo miwili katika mashine moja: Linux kwa kupokea na kutunza picha, Windows kwa kazi ile tu.

Wanasema mashine za kuchapisha zinaleta usumbufu. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi. Nyingi zinatambuliwa mara moja, nyingine zinatafutiwa programu, na chache hazikubali kabisa. Mwenye akili anajaribu kwanza. Linux inaruhusu jaribio hilo: inawekwa kwenye kle ya USB, ordinatere inawashwa kutoka kwenye kle hiyo, na mtu anaunganisha kamera na mashine ya kuchapisha kuona kama zinaelewana, bila kugusa chochote kilichomo ndani. Zisipoelewana, anazima, anachomoa kle, na Windows yake iko palepale.

Wanasema mega ni ghali. Mfumo mzima una uzito wa gigabaiti mbili au tatu, na kwa anayenunua mega kwa siku, huo ni mzigo. Lakini hapa ndipo tofauti ya mfumo wa wazi inapoonekana. Mtu mmoja akipakua Lubumbashi au Kamina, anaweza kunakilia wengine mia, na haibi. Leseni yenyewe inampa ruhusa hiyo. Kle moja ikipanda treni inatosha kwa mji. Kunakili Windows ni kosa linalofanywa kwa kujificha. Kunakili Linux ni kama kugawiana mbegu na jirani.

Wanasema, mwisho, kwamba Linux ni kitu cha wazungu wataalamu. Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Tena wakaaji wa Kabondo-Dianda wanaitumia tayari kila siku bila kujua: kila simu ya Android, iwe Tecno, Itel au Samsung, ina Linux ndani yake. Hata njia ambayo simu hizo zinatumia kupeleka picha kwenye ordinatere, inayoitwa MTP, ilizaliwa kutoka kwa ile PTP ya kamera. Kuhusu lugha, mfumo mzima upo kwa Kifaransa, lugha ambayo watoto wanasomea. Na Kiswahili hakikusahauliwa: tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa kampuni ili kufanya hivyo.

Hata hivyo, Linux si hirizi. Haizuii mtu kufuta karti kwa mkono wake, wala haizuii kuran kukatika katikati ya kunakili. Kle yenye virusi ikiingizwa humo haitaiambukiza mashine kwa urahisi, lakini virusi inabaki ndani ya kle na itaamka ikirudi kwenye Windows. Kwa hiyo mfumo mzuri unahitaji pia mazoea mazuri.

La kwanza, karti za SD zina kidude kidogo pembeni kilichoandikwa LOCK. Mpiga picha anayelazimika kuingiza karti yake kwenye mashine ya watu akisogeze kwanza. Kwa kawaida picha zitasomeka, lakini virusi haitaweza kuandika kitu. La pili, picha zinakiliwe, zisihamishwe. Mtu azifungue kwanza katika ordinatere, ahakikishe zimefika zote, ndipo aiformate karti ndani ya kamera yenyewe. La tatu, kila kazi iwe na dosye yake yenye tarehe na jina la sherehe. Kamera nyingi zinahesabu picha mpaka 9999 kisha zinaanza upya, na asiyepanga dosye siku moja ataweka picha ya ubatizo juu ya picha ya kilio yenye namba ileile. La nne, nakala ziwe mbili, katika vifaa viwili, na kimoja kilale katika nyumba nyingine.

Nani aanze? Wenye sekretaria wana nafasi ya kwanza, kwa sababu mikononi mwao karti za mji mzima zinapita. Mashine moja tu, ikitengwa kwa ajili ya kamera na kuwekwa Linux, ingepunguza hasara kwa mitaa yote, na ingewaletea wateja: mpiga picha atapenda mahali ambapo karti yake inatoka kama ilivyoingia. Walimu wa informatiki wafuate. Mwanafunzi anayefundishwa tu mahali pa kubonyeza katika Windows ya wizi anajifunza kutegemea fundi. Anayefundishwa kuunganisha kamera, kufungua DCIM na kuokoa picha iliyofutwa anatoka na kazi mkononi. Chuo Kikuu cha Kamina hakiko mbali kwa reli, na wanafunzi wake wanaporudi likizo wanaweza kubeba mfumo ndani ya kle pamoja na ujuzi wa kuuweka. Parokia na makanisa yenye rejista za ndoa na ubatizo yana sababu yao wenyewe ya kutaka picha zidumu kama rejista zinavyodumu.

Wateja nao wana sauti. Familia inayoandaa ndoa inauliza bei, idadi ya picha na siku ya kuzipata. Iongeze swali la nne: picha zetu zitawekwa wapi, na kwa miezi mingapi? Mpiga picha akisikia swali hilo mara tatu kwa mwezi mmoja, atatafuta jibu. Jibu hilo halihitaji msaada wa shirika wala ahadi ya mbunge. Linahitaji kle moja, ordinatere ya zamani, siku mbili za kujifunza, na kukataa kabisa kusema “lazima kuformate” kabla ya kutazama karti hiyo katika mfumo mwingine.